Pikipiki Iliyozaliwa Mara Mbili

Asubuhi hiyo Vipimo alikuwa ametoka kumuuzia mwenye duka la viatu dawa ya kuwavuta wateja, na alitembea upesi kuliko kawaida yake, maana dawa yenyewe ilikuwa maji ya chumvi na mwenye duka alikuwa mtu wa kuonjaonja. Alipokata kona akakutana na ukuta mfupi wa matofali kando ya barabara. Nyuma ya ukuta huo, mama mmoja aliyeukaribia uzee alikuwa ameinama, mswaki mkononi, anakwangua kinyesi cha kuku kwenye pikipiki.

Vipimo alisimama. Dawa ya wateja ikamtoka akilini, na mwenye duka pia.

Haikuwa pikipiki ya siku hizi. Tangi lake lilikuwa limejaa mviringo, taa yake ya mbele kubwa, na injini ilikuwa ya zile zilizotengenezwa wakati chuma kilikuwa hakijaanza kuonewa choyo. Kutu ilikuwa imeila kila mahali, lakini ndani ya kutu Vipimo aliona pesa, kama wengine wanavyoona sura za watu katika mawingu.

Yafaa tumjue kidogo bwana huyu. Jina lake la kuzaliwa lilijulikana na mama yake na kituo cha polisi. Sisi wengine tulimwita Vipimo kwa sababu shingoni alining'iniza futi ya kamba, ile ya mafundi cherehani, na kila jambo lazima alipime kabla ya kusema uongo. Futi hiyo ilianzia namba saba, kwani kipande cha mwanzo kilishakatika, na katika miaka yote ya kazi yake hakuna mteja aliyegundua. Aliishi na mkewe katika chumba cha uani kwa mama mkwe wake, nyumba iliyokaa juu kabisa ya mteremko. Kila jioni mama mkwe alimpokea kwa swali moja: "Mkwe, leo umepima nini?" Swali hilo lilimchoma Vipimo kuliko mahabusu zote alizowahi kulala. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu: kuhama pale, tena mchana kweupe, mama mkwe akitazama.

"Shikamoo, mama," akasema, mguu mmoja tayari upo ndani ya ukuta.

"Marahaba, mwanangu."

"Pole na kazi. Chombo chako hiki?"

"Nimekinunua juzi kwa mfuga kuku. Nimestaafu ukunga, mafao nimepata, nikasema na mimi nijifurahishe. Natafuta fundi wa kuniwekea mapambo. Nataka iwe ya kisasa, yenye mataa ya rangi na honi inayoimba."

Vipimo akavua futi yake taratibu, kama daktari anayevua miwani kabla ya kutoa habari mbaya. Akapima tangi. Akapima taa. Akapima hewa iliyokuwa kati ya tangi na taa, akatikisa kichwa.

"Mama, wewe ni mtu wa hospitali, sitakuficha. Hii ina saratani ya chuma."

"Maskini! Itapona?"

"Itapona, ila viungo vilivyoathirika lazima vitoke. Tukiviacha, vitaambukiza hivyo vya kisasa. Na usijisumbue kuvitupa, nitakwenda kuvizika mwenyewe."

"Mungu akubariki," akasema Mama Mkunga, akafuta mkono kwenye khanga na kumpa.

Basi operesheni ikaanza. Siku ya kwanza ilitoka taa. Mama Mkunga akaipokea kwa mikono miwili, akaenda nayo hadi kwenye boriti ya kibaraza ilikoning'inia mizani ya kupimia watoto wachanga, akaitundika. Kisha akavaa miwani, akaigeuzageuza, akaandika kitu katika daftari kubwa lenye jalada jeusi.

"Mama, hiyo ya nini?"

"Mazoea, mwanangu. Miaka thelathini na miwili, kila kinachotoka nakipima na kukiandika. Mkono hautulii."

Vipimo akacheka moyoni hadi mbavu zikamuuma. Akaichukua taa, akaifunga kwenye gunia, na badala yake akafunga taa ya plastiki iliyowaka zambarau na kuzimika yenyewe ilipojisikia.

Wiki ile likatoka tangi, likaja bati lililochorwa ndimi za moto. Ukatoka usukani, ukaja mrefu uliomfanya mwendeshaji aonekane ananing'inia kwenye kamba ya nguo. Likaondoka bomba la moshi. Magurudumu nayo yakaenda kuzikwa, na pamoja nayo breki, mahali pake pakafungwa breki alizookota kwenye lundo la vyuma chakavu. Nani aliwahi kuzitumia, na yuko wapi sasa, Vipimo hakuuliza. Kila kiungo kilipita kwenye mizani. Kila jioni gunia lilielekea kwenye banda alilolikodi nyuma ya kiwanda cha matofali.

"Panda basi, mama!" alizoea kusema akimaliza kukaza nati ya mwisho ya siku. "Zunguka kidogo watu wakuone!"

"Goti, mwanangu," Mama Mkunga alijibu, akilisugua. "Goti linanisumbua. Siku nyingine."

Mwanzoni Vipimo alikusudia kuviuza viungo kimoja kimoja. Aliyembadilisha mawazo ni Mama Mkunga mwenyewe. Siku moja, akimmiminia chai, alisema hivi hivi tu:

"Kuna mkandarasi mmoja ananisumbua kweli. Ati pikipiki hii ingekuwa kama ilivyotoka kiwandani, kila kiungo chake mwenyewe, angenipa pesa ya nyumba nzima. Nikamwambia mimi sitaki vizee, nina uzee wangu unanitosha."

Futi ilimteleza Vipimo shingoni ikaangukia kwenye chai.

"Anapatikana wapi mtu huyo, mama? Nataka nimwonye asikusumbue."

Akaelekezwa kwenye karakana ya mbao nyuma ya stendi. Huko alimkuta bwana mmoja ndani ya koti ambalo mabega yake yalianguka hadi karibu na viwiko, kucha zake zikiwa na gundi iliyokauka. Mtu wa kawaida angejiuliza maswali. Lakini Vipimo alikuwa mjuzi wa binadamu, akajijibu papo hapo kwamba tajiri hupungua mwili kwa mawazo, na kwamba mtu anayegusa mbao zake mwenyewe ndiye tajiri wa kweli.

"Nikikuletea, utanunua?" akauliza.

"Iwe kamili," akasema mkandarasi. "Injini yake, fremu yake. Rangi kijani, mstari mweupe kwenye tangi. Na nyuma iwe na kichanja cha kubebea sanduku."

"Sanduku la nini, mheshimiwa?"

"Unauza au unahoji?"

Matajiri na mambo yao. Vipimo akarudi kwa Mama Mkunga, akapima injini, akaitangaza kuwa ina presha. Wiki iliyofuata aliipima fremu, akainamisha kichwa kwa heshima, akasema uti wa mgongo umevunjika. Mama Mkunga akajifuta jicho. Fremu haikuenea kwenye mizani, ikabidi ipimwe kwa kuning'inizwa upande mmoja kisha upande wa pili, na Vipimo mwenyewe akasaidia kuishika. Hivyo ndivyo pikipiki nzima ilivyohamia bandani, na pale kwa Mama Mkunga ikabaki nyingine inayometameta, ambayo haikuwa na hata nati moja ya ile ya kwanza.

Sasa ilibaki kuifufua ya bandani, na hapo tumpe bwana huyu haki yake: alifanya kazi. Tangu azaliwe hakuwahi kufanya kazi namna ile. Alisugua kila spoki kwa majivu na ndimu. Alikesha akiwazia kabureta. Kiti alikishonesha kwa ngozi halisi, na yeye, aliyekuwa akiuza mikoba ya nailoni kama ngozi ya mamba, alimgombeza fundi viatu kwa mshono mmoja uliopinda. Gharama ya kupaka vyuma kromu ilipomshinda, alilichukua jokofu la mkewe akaliuza. Mkewe aliuza barafu na maji ya matunda, na jokofu lile alilinunua kwa jasho lake kabla hajaolewa.

"Limekwenda wapi?" mkewe akauliza.

"Kwa fundi. Lilikuwa linakoroma."

"Halikuwa linakoroma. Wewe ndiye unayekoroma."

"Wiki mbili tu, mke wangu. Utaona jokofu la milango miwili, ndani ya nyumba yetu wenyewe."

Mkewe akatoka nje. Alikaa kwenye kibaraza akitazama chupa zake tupu, na ni wazi kwamba alikuwa amechoka kuamini. Mama mkwe, dirishani, akauliza kama kawaida leo kimepimwa nini.

Siku ya siku ikafika. Saa nne asubuhi Vipimo aliingia karakana ya mbao juu ya pikipiki ya kijani, mstari mweupe kwenye tangi, injini ikiunguruma kwa adabu. Wapasua mbao waliacha misumeno. Hata yeye alipoizima alihisi fahari, hisia ngeni ambayo aliidhania kuwa njaa.

"Mheshimiwa, chombo hicho. Kila kiungo chake mwenyewe, kama nilivyoapa."

Mkandarasi akapokea funguo. Akaitazama pikipiki, kisha akageuka nyuma akaita, "Mama mdogo! Imefika."

Mlango wa stoo ukafunguka. Akatoka Mama Mkunga, miwani puani, daftari jeusi kwapani.

"Shikamoo, mama," akasema Vipimo, kwa sababu hata tapeli amelelewa.

"Marahaba, mwanangu. Hebu chungulia chini ya hilo tangi, upande wa kushoto. Unaona nini?"

Vipimo akachungulia. "Kovu."

"Kama nini?"

"Kama... haragwe."

Mama Mkunga akafungua daftari, akasoma kwa sauti ya wodini. "Tangi la mafuta. Limetoka Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi. Kilo nne na robo. Alama: kovu mfano wa haragwe, chini kushoto. Halikulia." Akafunua ukurasa. "Taa. Jumatatu, saa tatu. Kilo moja kasorobo. Alama: ukingo umemeguka kidogo juu. Haikulia nayo. Fremu, namba yake hii hapa, ni ileile ya kwenye kadi, na kadi ninayo. Unataka nisome na injini?"

"Basi, mama."

"Miaka thelathini na miwili nimezalisha, na hakuna mtoto aliyebadilishwa kwenye zamu yangu. Uliona nitabadilishiwa pikipiki?"

Wapasua mbao wakaangua kicheko. Yule mkandarasi akavua koti lake, ndani akawa seremala, mtoto wa dada yake Mama Mkunga, na akalikunja kwa uangalifu kwani alitakiwa kulirudisha kwa mwenyewe kabla ya adhuhuri.

"Ulijua tangu lini?" Vipimo akauliza.

"Bomba la maji liko uani kwangu. Wewe ulifikiri nilikuwa naoshea pikipiki kando ya barabara kwa nini?" Akaipapasa ngozi ya kiti. "Hii niliiendesha mimi ujana wangu wote, sanduku la kuzalishia nyuma, mvua na jua. Siku serikali ilipoipiga mnada nililia. Nilipoiona bandani kwa kuku nikanunua, nikaenda kwa mafundi watatu. Mmoja alitaka mwaka mzima, mwingine alitaka kupaka rangi juu ya kutu, na wa tatu alipokea chai yangu akapotea. Nikasema, ngoja nimtafute mwizi. Fundi anasugua mali ya mtu. Mwizi anasugua mali yake."

Akampa karatasi na kalamu. Ilikuwa imeandikwa kwamba kazi ya ukarabati imekamilika na fundi hamdai mwenye pikipiki chochote. Kituo cha polisi kilikuwa ng'ambo ya barabara, kinaonekana dirishani. Vipimo akatia sahihi, akajikuta ameandika jina lake halisi.

"Kuiba ni kazi yako, sikulaumu sana," akasema Mama Mkunga, na sasa hakuwa anatania. "Ila breki zile ulizifunga mwenyewe, ukijua. Na kila siku ukaniambia nipande. Hilo limeniuma, mwanangu. Ile nyingine ipo nje, chukua. Ni ya kwako kila nati."

Akalifunga sanduku lake kuukuu kwenye kichanja, akakikalia kile kiti bila kusaidiwa, akapiga kiki moja tu. Akaondoka, na goti lake halikumsumbua hata kidogo.

Vipimo aliisukuma ile ya ndimi za moto kutwa nzima. "Mafuta yamekuishia, bwana?" watu walimuuliza njiani, naye akasema ndiyo. Yalikuwa yamejaa. Aliisukuma hadi juu ya mteremko, shati limemgandia mgongoni, na hapo akawakuta wamesimama mlangoni, mama na mwanawe.

"Jokofu langu liko wapi?" mkewe akauliza.

Ulimi wa Vipimo, kwa mazoea, ukaenda wenyewe. "Nimekuletea kitu bora kuliko jokofu. Tazama! Kiwandani moja kwa moja, taa za rangi, honi inaimba. Hakuna mfano wake mji mzima."

"Inagandisha barafu?" akauliza mama mkwe.

"Mama, chombo hiki kina thamani ya—"

"Sawa, mkwe. Sisi hatujui mambo ya vyombo." Mama mkwe akajisogeza kando, akauonyesha mteremko wote uliokwenda chini hadi barabara kuu ya malori. "Panda basi. Shuka hadi kule chini, tukuone."

Vipimo akautazama mteremko. Akazitazama breki. Polepole akainama, akajishika mguu.

"Goti, mama," akasema. "Goti linanisumbua."