Malalamiko Dhidi ya Daktari Aliyemwosha Farasi Wangu Hina

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mbio,
Uwanja wa Ain Shiba.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nakusalimu kwa heshima zote na kukuombea afya, mvua ya wakati wake, na shayiri isiyopanda bei.

Mimi ni Bouziane Meftahi, mfuga farasi na mtoto wa mfuga farasi. Unanifahamu vizuri, maana siku za mbio hukaa nyuma yako jukwaani na mara mbili nimekumwagia kahawa. Naandika nikiwa na uchungu mwingi. Juzi daktari wenu mpya wa wanyama, binti aitwaye Yamina Belhout, alimfungia farasi wangu jike, Yakuta, asikimbie Kombe la Masika Ijumaa hii. Naomba Yakuta afunguliwe, na kifungo hicho apewe daktari. Sababu zangu ni hizi:

1. Alimwosha hina mbele za watu. Wewe ni mtu wa hapa, huhitaji kuelezwa kwamba farasi jike mwenye nasaba hapelekwi kwenye mbio miguu mitupu. Anapakwa hina kama bibi harusi, watu wajue ana wenyewe. Yakuta nilimpaka kwa mikono yangu, kutoka kwato hadi juu ya goti, tena hina nzito. Akaja daktari na ndoo ya maji ya vuguvugu, akachuchumaa, akaanza kusugua. Nikamwambia kwa upole, "Binti yangu, hiyo ni mila." Akanijibu bila hata kuinua kichwa, "Mila gani inatoa usaha, ami?" Umewahi kusikia mtu ameingia harusini akamsugua bibi harusi miguu? Wanaume wa mkahawani walikuwa wamejaa pale uani. Mmoja akauliza, "We Bouziane, ulikuwa unamwoza au unamkaanga?" Mpaka leo sijarudi kunywa kahawa yangu pale.

2. Alipomaliza kuosha alikuta alama za moto, na badala ya kunyamaza kama mtu mwenye malezi, akazitangaza. Alama ni zangu, sikatai. Goti lilivimba, nikalichoma kwa chuma, kama marehemu baba alivyokuwa akifanya, ili ugonjwa uogope ukimbie. Haukukimbia. Nikachoma tena. Haukukimbia. Nikachoma tena. Asiyempenda farasi wake angekata tamaa mara ya kwanza. Daktari akataka kujua kama Yakuta hakulia. Namjibu kupitia kwako: farasi halii. Alitetemeka tu, na kutetemeka ni kawaida ya mnyama mwenye damu safi.

3. Maji. Daktari ameandika kwamba Yakuta ana kiu. Sasa hilo nalo ni la kuandika? Kiu namtia mimi mwenyewe, kwa makusudi na kwa faida yake, kwa sababu tumbo la maji ni mzigo mbioni. Lakini tazama madhara ya huyu binti. Alipoiweka chini ile ndoo yake, yenye maji ya hina na usaha, Yakuta aliinama akayanywa yote, akalamba na ndoo. Mbele ya majirani. Niliona haya, nisijue niuweke wapi uso. Adabu niliyomfundisha kwa muda mrefu iliharibiwa na ndoo moja.

4. Kiboko. Anadai ni ukatili. Mheshimiwa, kiboko ni lugha, na Yakuta haelewi nyingine. Bila kiboko hainui mguu. Mgeni anaweza kumwita mpaka koo limkauke asimfuate, maana huyu mnyama anaye mmoja tu anayemsikiliza, naye ni mimi. Nampenda kama binti yangu na yeye analijua hilo. Akisikia tu hatua zangu anasogea kwenye kona ya mwisho ya zizi, masikio ameyalaza nyuma, anasimama hapo kwa heshima mpaka niondoke. Watoto wangu wa kuzaa hawanipi heshima ya namna hiyo.

5. Uchochezi wa nyumbani. Mke wangu, Kheira, miaka yote alikuwa hanung'uniki ila kuhusu magunia ya shayiri jikoni. Tangu daktari aje, hanyamazi. Jana aliniambia, "Baba Nadir, goti lile lingekuwa lako ungekuwa kitandani unamwita mama yako." Nikamwambia mimi si farasi. Akasema, "Hilo naliona. Farasi anafanya kazi."

Sasa fikiria tunakoelekea. Leo farasi anaambiwa goti likiuma apumzike. Kesho habari inawafikia punda, na punda wa mji huu unawajua, walikuwa wakingoja kisingizio tu. Nani atabeba mbolea? Keshokutwa kondoo wataanza kuuliza maswali kuhusu Idi. Wake zetu nao wana magoti, Mheshimiwa, tena wanayo mawili mawili. Nchi itasimama, na chanzo kitakuwa ndoo.

6. Nimelifuta. Lilihusu mama yake daktari, na niliandika kabla ya kula.

Kwa hiyo naomba Yakuta akimbie Ijumaa. Naomba daktari apigwe marufuku kuingia zizini na chombo chochote chenye maji. Na naomba utaratibu wetu wa zamani urudi, ule wa waungwana, kwamba farasi akichechemea watu wanatazama pengine. Nani atausahau ustadi wako masika yaliyopita, yule farasi wa kijivu wa mpwa wako alipoanguka kwenye kona na kushindwa kuinuka? Ulitugeuza jukwaa zima kutazama mlimani, ukatuuliza tunaonaje, mvua itakuja? Tulipogeuka tena, uwanja ulikuwa umefagiliwa. Huo ndio uongozi.

Nisalimie mama watoto, mpwa wako, wajumbe wote wa kamati waliolala na walio macho, na yule mzee wa getini. Daktari usimsalimie.

Wako katika kuwapenda farasi,

Bouziane Meftahi

Tanbihi. Kabla sijaifunga barua hii nimechungulia dirishani nikaona zizi liko wazi. Kheira anavuka barabara kwenda kwa kaka zake, kwenye majani, na Yakuta yuko nyuma yake. Hana kamba. Kheira hana kiboko, wala hamwiti. Mguu ukimshinda, Kheira anasimama anamngoja, kisha wanaendelea. Nimetoka hadi mlangoni nikapiga ule mluzi wangu wa kila siku. Yakuta alishtuka akataka kukimbia, kwa goti lile lile, mpaka Kheira akamwekea mkono shingoni, akatulia. Mimi sijawahi kumtuliza. Basi Ijumaa usiliweke jina lake. Nimewaita tena, kila mmoja kwa jina lake, kwa sauti ya kuomba. Hakugeuka hata mmoja.