Jumamosi Wakwe Wanakuja Kuonja

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Chepngeno amekwenda kwao Ndanai. Kisa? Nilisema ugali wake una madonge. Nilisema mbele ya wageni, sawa, lakini madonge yalikuwepo. Jumamosi atakuja na mama yake. Nikiwapikia ugali na mboga ya managu na kuwamiminia mursik, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni, yote kwa mikono yangu, mke wangu anarudi. Nikishindwa, anabaki kwao. Mimi, katibu wa kituo cha kununua majani chai, natahiniwa kama mtoto wa gredi ya nne! Unga na maji, ugumu uko wapi?

Jumanne, 5 Agosti

Nimetia unga kwenye maji baridi. Ukawa uji. Nikaongeza unga. Ukawa jiwe. Nikaongeza maji. Chini umeungua, katikati mbichi. Mbwa alinusa akaondoka. Jirani yangu Orina alikuwa akichungulia juu ya ua wa kayaba. "Bwana Weldon, maji ichemke kwanza, ndio uweke unga pole pole." Nani alimwuliza? Mwanamume mzima anajua kupika na hata haoni haya.

Jioni nimefungua kibuyu cha mursik. Ndani ni masizi matupu! Kumbe miaka tisa nakunywa maziwa kwenye uchafu wa mwanamke huyu. Nimesugua kwa sabuni ya kipande na waya hadi kikawa cheupe. Nimechemsha maziwa, yakapoa, nikamimina, nikafunga. Hilo angalau nimeliweza.

Alhamisi, 7 Agosti

Ugali wa tatu umeungua. Managu niliyachemsha pamoja na mashina yake. Basi, akili itumike. Phelis, mke wa Orina, amekubali kupika Jumamosi na kupitisha sufuria kwenye pengo la ua. Malipo: nimchumie chai siku mbili. Nimeanza leo. Mgongo unauma, na Orina amekuja mara nne kuniambia nachuma majani makubwa. Namchukia mtu huyu kwa moyo wangu wote.

Jumamosi, 9 Agosti

Walifika saa saba. Ugali laini, managu matamu. Mama mkwe alikula akaongeza. Chepngeno akanitazama kama zamani, nikajua amerudi.

Kisha mursik. Mama mkwe alionja, akaenda kutema nje. Povu. Akaingiza kidole kibuyuni, akauliza mkaa uko wapi. Nikauliza mkaa gani. Akasema ni mkaa wa mti wa senetwet, ndio unaoipa mursik ladha, na kibuyu hicho alimpa binti yake siku ya harusi. Nani amekiosha kwa sabuni?

Nikasema ni Phelis.

Chepngeno akamwita papo hapo. Phelis akaja amekasirika kuliko sisi sote. "Mimi nimepika ugali na managu peke yake. Hiyo kibuyu sijagusa."

Wameondoka bila kunipa mkono. Kibuyu wamekibeba.

Jumapili, 10 Agosti

Sikwenda kanisani. Chepngeno ametuma ujumbe: niende Ndanai, mama yake anifundishe kupika, kuanzia kuchemsha maji. Nikienda, nitarudi na mke. Yaani nikae jikoni kwa mama mkwe nikichungulia sufuria! Nimekataa. Kosa langu nimeshalijua: sabuni ya kipande inaacha harufu. Nimenunua ya maji, ya limau. Mama yangu ameniazima vibuyu vyake vitatu bila kuuliza ni vya nini. Kimoja kimeshakuwa cheupe.