Kompyuta ya Baba Mkwe Mtarajiwa

Jumatatu, 12 Januari 2026

Posa imepelekwa juzi. Jibu bado. Mshenga wangu ni Mzee Shaban, mstaafu wa reli, zamani mkuu wa stesheni ya Igalula. Anasema baba yake Zuwena, Mzee Yahaya, ameomba wiki moja ya kushauriana na ndugu. Sisi tunataka ndoa kabla ya Ramadhani. Mpaka jibu lije mimi sikanyagi kwao Gongoni, ndiyo adabu. Hata mtaa wao naukwepa kama mwizi wa kuku.

Lakini leo, bahati! Mzee Shaban kaja na bajaji kibandani kwangu, ninapotengeneza kompyuta na simu, amepakata kompyuta. Ya Mzee Yahaya! Mzee ni fundi wa kanzu, na kompyuta hiyo ndiyo inayoendesha mashine yake ya kudarizi. Imekuwa nzito. Ameagiza niipulize vumbi tu, ana kanzu za harusi za kumaliza kabla ya Jumamosi.

Vumbi tu! Nimeiwasha. Windows 10. Ile ambayo wenyewe waliacha kuihudumia tangu Oktoba. Mkwe wangu analala mlango wazi na hana habari. Nimemwonea huruma mpaka chai imepoa.

Jumanne, 13 Januari

Windows nimeifuta yote. Nimeweka Linux, mfumo wa bure na mwepesi. Nimechomoa na SSD, diski ya kasi, ya kompyuta yangu mwenyewe nikamwekea. Sasa inawaka kabla hujamaliza bismillahi. Michoro yake ya darizi nimeihifadhi, mimi si mshenzi.

Maoni yangu, ambayo hapa Tabora hakuna aliyeyaomba: kompyuta kuukuu haifi, huuawa na mfumo uliojaa takataka. RAM ndogo si ugonjwa. Na anayenunua simu kwa bei ya ng'ombe kwa ajili ya kamera, huku anapiga picha ugali, huyo simsemi. Eustace wa duka la mkabala ndiye anayewauzia. Pia anaweka Windows za wizi kwa kila apitaye, na watu wanamwita fundi. Mimi Majidi wananiita Profesa, tena si kwa heshima.

Nywila nimeweka madhubuti. Herufi kubwa, ndogo, na tarakimu. Niliiandika nikiwa na furaha.

Jumatano, 14 Januari

Mzee Shaban kairudisha asubuhi. Mchana kapiga simu: kompyuta inadai nywila. Nilisahau kumpa! Yuko sebuleni kwa kina Zuwena. Mzee Yahaya yupo, mkewe Bi Mwanahawa yupo, na ami zake Zuwena wametoka Nzega kujadili posa. Nikamsihi atoke nje kwanza. Kasema alipokea habari za treni maisha yake yote bila kutoka nje, nitaje tu. Nikataja. Akairudia kwa sauti ya kutangaza treni:

ZuwenaNiWanguTayari2026.

Nikasikia kikombe cha kahawa kikiwekwa chini. Simu ikakatika.

Sijala.

Alhamisi, 15 Januari

Mzee Shaban kanitolea uvivu. Ami mmoja kauliza kama wameitwa kushauriana au kuarifiwa. Nikamweleza kwamba nywila nzuri lazima iwe ndefu. Kasema hata jina la kijiji changu ni refu.

Kisha kubwa kuliko. Kompyuta imefunguka, programu ya kudarizi haipo. Inataka Windows tu. Hilo sikuliangalia. Naliandika humu, mbele ya Eustace silisemi.

Nimejaribu kurekebisha kwa simu. Mimi kibandani, Mzee Shaban ukweni, namsomea amri herufi moja moja, naye anabonyeza kwa kidole kimoja. Mwishowe kauliza kwa nini wachumba wengine hupeleka sukari na mimi napeleka vistari na nukta. Umeme ukakatika. Nikashukuru.

Mashine haijadarizi hata ua moja. Naogopa, kweli naogopa. Nampenda Zuwena kuliko Linux. Nimeisoma tena sentensi hiyo na ni kweli.

Ijumaa, 16 Januari

Baada ya swala nimemwona Eustace akielekea Gongoni na begi lake. Ameitwa! Yeye anaingia bila shida, hachumbii mtu. Karudi alasiri akichokonoa meno. Pilau ya Bi Mwanahawa! Mimi sijawahi kuionja. Kaniambia kwa upole kwamba kaweka Windows, mashine inadarizi, na SSD yangu ni nzuri sana, kaiacha humo humo na kumweleza Mzee Yahaya kwamba ni ya kwangu. Bora angenicheka.

Zuwena kanitumia ujumbe. Kasema baba yake hajalala vizuri tangu juzi, na kwamba yeye mwenyewe jina lake lilimpendeza kila mahali isipokuwa pale.

Jumapili, 18 Januari

WAMEKUBALI! Mzee Shaban kaja na kanzu yake mpya, nikajua kabla hajatoa salamu. Kanzu za harusi zilikamilika. Mzee Yahaya kasema kijana anayechomoa kitu chake akampa mtu bila kuombwa si mchoyo, mwanawe hatalala njaa. Kichwa ndicho kigumu, na hicho atakizoea. Ndoa kabla ya Ramadhani! Nimelia kibandani mchana kweupe. Eustace kaniletea maji ya kunywa.

Juu ya mahari limeongezwa sharti moja, mbele ya ami wote wa Nzega: Majidi asiguse chochote chenye waya ndani ya nyumba ya ukweni, maisha yake yote. Nimekubali kwa moyo mkunjufu. Wana haki. Nimekoma.

Wakati wa kuondoka, Mzee Shaban kataja kwamba simu ya Bi Mwanahawa siku hizi inagandaganda. Nimeuliza ni ya aina gani. Maskini mama wa watu! Nimelisoma sharti upya kichwani. Simu haina waya, na kibanda changu si nyumba ya ukweni. Nimemwomba aje nayo kesho mapema, kabla Eustace hajafungua.