Kila Kinachovuja, Kinacholia na Kinachoyumba

Kwa Mheshimiwa Mnunuzi wa Nyumba,
ambaye pia ni Baba Yangu,
Kiti cha Karibu na Redio,
Sebuleni.

Nakala: Mama, Jikoni.

Kuhusu: Malalamiko juu ya kifungu cha marekebisho, na ombi kwamba tuanze kurekebishwa sisi

Baba, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta salama, ingawa umenipita sasa hivi ukielekea bafuni na ulionekana salama kabisa. Nakuandikia kwa sababu kila nikianza kuzungumza mezani unasema, "Maliza kula kwanza," na nikimaliza kula unasema, "Nenda kalale." Kulala siwezi, kwa kuwa kitanda changu ni kochi la sebuleni, na kochi muda huo huwa limekaliwa na wateja wa Shangazi wanaosubiri kupimwa magauni. Mwalimu wetu wa Kiswahili ametufundisha kwamba malalamiko yakiandikwa kwa adabu na kupewa namba, mkubwa hulazimika kuyasoma hadi mwisho, hata kama ni kwa kutafuta makosa. Nakukaribisha utafute. Nimekwisha kuyasahihisha.

Jambo lenyewe ni nyumba ya Bibi Mkunga. Naeleza upya, ili hata Wakili akiiona barua hii asipotee njiani. Nyumba ni ya zamani, imekuzidi umri. Bibi Mkunga amestaafu na anahamia kwa binti yake, na mmekubaliana bei. Kilichobaki ni kusaini na kupewa funguo. Wakili aliandika kifungu cha marekebisho cha kawaida, wewe ukakikataa, ukaandika chako: "Kabla ya kukabidhi, Muuzaji atarekebisha kila kinachovuja, kila kinacholia na kila kinachoyumba." Wakili alikisoma kwa sauti akauliza kama kina ngoma yake. Ukamjibu kwamba wewe ni mkaguzi wa mizani, na sokoni mzani unaoyumba hupigwa marufuku hata kama mwenye nao ni mcheshi.

Tangu hapo Bibi Mkunga ameziba paa la jikoni, amebadilisha bomba la bafuni na amepigilia upya ngazi za nyuma. Kila akimaliza, unarudi na ile pimamaji yako yenye kiputo cha hewa, unasukuma kitu kingine kwa kidole kimoja, halafu unasema, "Hiki nacho." Jumamosi alikuuliza, "Mwanangu, hii nyumba unainunua au unaioa?" Ukasema, "Naikagua tu, mama." Akasema, "Hata marehemu mume wangu hakunikagua hivi." Jana amemwambia Wakili kwamba mwisho ni Ijumaa. Ijumaa ikipita, ataiuza kwa yule bwana wa yadi ya magari, ambaye hajauliza kinachovuja wala kinacholia, kwa sababu atabomoa vyote apange magari yake.

Kwa hiyo nauliza kwa heshima: kama kanuni ni nzuri, mbona inakaguliwa nyumba peke yake? Sisi ndio tutakaoingia ndani yake, na hakuna aliyetusukuma kwa kidole. Nimefanya ukaguzi wa upande wa wanunuzi kwa kutumia kifungu chako mwenyewe. Matokeo si mazuri.

1. Kinachovuja. Paa la Bibi Mkunga lilikuwa likivuja mvua ikinyesha. Mdogo wangu, ambaye tunamwita Meneja kwa sababu hakuna aamkaye nyumbani humu mpaka yeye apige kelele, huvuja hata wakati wa kiangazi. Nilimuuliza Mwalimu kama mtu anaweza kuingia kwenye "kinachovuja". Alisema hapana, mtu ni "anayevuja", hata awe kijana au kiziwi, maneno yanayoanza na ki-. "Isipokuwa ukimtaja kwa udogo," alisema. "Ukimwita kitoto, basi ni kitoto kinacholia." Sasa Shangazi, kila akimpakata na gauni lake likalowa, husema, "Jamani, kitoto hiki!" Kisheria, basi, Meneja yumo ndani ya kifungu, na Bibi Mkunga anapaswa kumrekebisha kabla ya kukabidhi. Nilimpelekea taarifa. Alisema kazi yake ilikuwa kuwatoa, kuwaziba hakusomea.

2. Bado tuko kwenye kuvuja. Shangazi, ambaye ni dada yako na ni mshona nguo, anavuja kwa namna nyingine. Jana mezani tulikubaliana kwamba habari ya Ijumaa isitoke nje, yule bwana wa yadi asije akajua tuna haraka. Leo asubuhi msusi wa kona ya barabara ameniuliza kama nimeshafunga vitabu vyangu kwenye boksi. Shangazi ameapa: "Mimi? Nimemwambia mtu mmoja tu, tena nikamwambia asiseme!" Fundi wa paa alieleza jambo hilo hilo kuhusu lile bati la jikoni. Tundu lilikuwa moja tu, tena dogo. Ninamwacha Shangazi chini ya "anayevuja", kwa sababu sijampata mtu aliye tayari kumwita kishangazi.

3. Kinacholia. Mlango wa chumba kidogo cha nyuma unalia ukifunguliwa. Uliufungua na kuufunga, ukaufungua na kuufunga, mpaka Bibi Mkunga akakuuliza ni stesheni gani unayoitafuta. Lakini Baba, na magoti yako yanalia. Ulipochuchumaa kukagua sakafu, yalilia yote mawili, na fundi aliyekuwa chumba cha pili akapaza sauti, "Nani amevunja nini huko?" Sisemi hivi kukuaibisha. Fundi anasema grisi ya bawaba imebaki kidogo kwenye kopo, na kwako hatadai kitu.

Hapo sijataja mkoromo wa Shangazi, ninaousikia vizuri kwa kuwa kochi langu limepakana na mlango wake. Fundi bomba anasema bomba linalotoa sauti ya aina hiyo limeingiwa na hewa, na dawa yake ni kufungua koki zote kwa pamoja. Sikumwambia ni bomba la wapi.

4. Kinachoyumba. Meza yetu ya chakula, hapa hapa tulipopanga, inayumba tangu nilipopata akili. Wewe, mkaguzi wa mizani, ambaye wauza nyama hunyamaza ukipita, umeikunjia boksi la dawa ya meno chini ya mguu na chai yako unailinda kwa kiwiko. Hujawahi kumwandikia mwenye nyumba wetu kifungu chochote. Kodi unampelekea ukiwa umechomekea shati.

Mama naye anayumba. Sebuleni anakwambia, "Sawa, baba Meneja, usikimbilie, kagua vizuri." Akifika jikoni anaiambia sufuria, "Huyu akimaliza kukagua, tutahamia kaburini." Naripoti nilivyosikia. Sufuria haikutoa maoni.

5. Namba hii niliiandika mwisho ingawa iko hapa. Kinachoyumba kuliko vyote katika mauzo haya ni Mnunuzi.

Jumatatu ulisema tunasaini. Jumanne ukasema kuna dirisha. Jumatano tulikwenda wote kwa Wakili, ukashika kalamu, ukaiweka chini, ukauliza kama meza yake imekaa sawa. Wakili alisema, "Mzee, meza hii haiuzwi." Sikucheka mbele yako. Nilicheka nje, na nilipomaliza kucheka nikaanza kufikiri. Sokoni ukikosea, mzani unarudishwa kesho yake na unapimwa tena. Nyumba ndicho kitu cha kwanza unachonunua ambacho hakirudishwi dukani. Nadhani siku hizi hukagui dirisha, Baba. Nadhani unaogopa. Kuogopa si kosa, hata mimi naogopa hesabu za sehemu, ila hofu haimo kwenye kifungu chako, na si haki Bibi Mkunga aendelee kuigharamia kwa misumari.

6. Hata hivyo sheria ni sheria. Kifungu kinasema Muuzaji atarekebisha "kila kinachoyumba", na hakikusema cha nani. Kwa hiyo nilirudi kwa Bibi Mkunga kumtaarifu kwamba kabla ya Ijumaa anatakiwa kumrekebisha Mnunuzi pia. Alivaa miwani, akasoma kifungu, akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Kisha akasema, "Mwambie baba yako nimewapokea wengi wa aina yake. Wanatoka, wanaitazama dunia, hawasemi kitu, mpaka uwachape matako ndipo wanaanza maisha." Naomba radhi kwa neno hilo. Ni nukuu, na Mwalimu anasema nukuu haibadilishwi.

7. Sasa maombi yangu, ambayo ni mawili, na unaweza kuchagua.

Ama sote turekebishwe kikamilifu kabla ya Ijumaa: Meneja azibwe, Shangazi atolewe hewa na atiwe kizibo, magoti yapakwe grisi, Mama aseme sebuleni anayoyasema jikoni, na Mnunuzi awekewe boksi la dawa ya meno upande mmoja. Ama tuipokee nyumba kama ilivyo, kama nayo itakavyotupokea sisi tulivyo, na usaini.

Sifichi kwamba nina maslahi. Kile chumba cha nyuma ni kidogo na hakuna aliyekitaja. Nimekipima kwa mikono: kinaingia kitanda na meza ya kusomea, na mtu anaweza kupita katikati akienda kiubavu. Mlango kulia si kasoro, maana nitajua nani anaingia. Ufa wa ukutani ni mwembamba kama uzi, tena umepinda vizuri. Dirisha halifungi sawasawa, lakini hewa safi ni afya. Muhula huu tuliandika insha yenye kichwa "Chumba Changu". Niliiandikia kwenye mkono wa kochi, huku mteja mmoja akinieleza kwa nini hataki gauni lenye mikunjo. Nilieleza kitanda changu, rafu yangu, na jinsi ninavyofunga mlango nikitaka kusoma. Mwalimu alinipa alama za juu kuliko wote, na chini akaandika kwa wino mwekundu: "Una ubunifu mkubwa."

Ningependa insha ijayo nipate alama za chini kidogo, kwa kusema kweli.

Hapa ndipo adabu inaponiagiza kunyamaza. Nisalimie Mama. Msalimie Shangazi, bila kumwambia nimeandika nini. Meneja nitamsalimia mwenyewe saa ya kubadilishwa. Salamu pia kwa Wakili na meza yake, kwa fundi wa paa, kwa fundi bomba, na kwa Bibi Mkunga, ambaye amesema hata usiponunua niende kumwona.

Mimi binti yako mtiifu,
Mpangaji wa Kochi, kuanzia mteja wa mwisho akiondoka.

Tanbihi. Baba, barua nilikuwa nimekwisha kuikunja. Nikapita koridoni, nikakusikia ukimwambia Shangazi, "Nimeamua, Ijumaa nasaini. Kile chumba cha nyuma chukua wewe na cherehani yako, wateja waishie huko huko. Binti naye tutamnunulia kochi jipya, apumzike."

Kochi jipya.

Kutokana na taarifa hiyo, naomba ufute kila kitu kuanzia namba 1 hadi namba 7, ubakize shikamoo. Nimeifikiria upya nyumba ile kwa jicho la mtu mzima. Ule ufa si uzi. Unaingia kidole, na ninasema kidole gumba, cha Shangazi. Mlango haulii, unapiga mayowe. Dirisha lile litatuua kwa mafua. Msingi sijauona, na sijui kwa nini unafichwa. Hata yule bwana wa yadi ni mtu mwenye maono, na magari nayo yanahitaji mahali pa kukaa. Usisaini Ijumaa. Sukuma ukuta mmoja mmoja. Chukua muda wako, Baba, hata mwaka.

Lakini kama nilisikia vibaya, na katika korido yetu mtu husikia vibaya sana, basi uipuuze tanbihi hii na uisome barua peke yake. Njoo ubishe hodi uniambie. Mlango sina, kwa hiyo bisha popote.