Nyota Yenye Mkia Juu ya Tangi la Maji

Jumanne, 4 Machi

Dada kapiga simu. Anasema macho ya Mama yamekwisha, Jumamosi anakuja kumchukua akaishi kwake. Nimemjibu kwamba Mama anaona kuliko sisi sote. Uongo. Jana alinitilia chumvi kwenye chai. Nikainywa yote, nikasifu. Lakini nitathibitisha, sijui vipi. Nyumba hii bila Mama kugombana na redio yake siitaki.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata! Mwalimu wa jiografia kaja kwenye cherehani yangu kufuata suruali. Katika mazungumzo kanidokeza kuwa wiki hii kuna kometi, nyota yenye mkia, huonekana magharibi jua likishazama. Anayo darubini ya macho mawili. Mama akiiona nyota hiyo mbele ya Dada, nani atathubutu kusema haoni? Nimemwambia Mwalimu suruali bado. Ilikwisha tangu juzi, naikalia.

Alhamisi, 6 Machi

Mwalimu kasalimu amri. Suruali ya heshima anayo hiyo moja tu. Kanipa darubini kwa sharti kwamba vioo visiguswe na vumbi. Jioni nikasimama uani. Ipo, juu ya tangi la maji, hafifu, mkia umeelekea juu. Wakati wa kula nikamsimulia Mama. Akauliza mkia uko upande gani. Nikamwambia. Baadaye akauliza tena. Uzee huo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimevishonea vioo vifuniko viwili vya bitana nyeusi. Vimekaa barabara, hata mimi sivitambui. Nahofia mawingu tu. Mama kanisikia nikilalamika, akasema nisijali, ataiona.

Jumamosi, 8 Machi

Dada kaja na begi tupu la kutia nguo za Mama. Giza lilipoingia tukamketisha Mama uani. Akashika darubini, akaiweka machoni. Kisha akasema iko juu ya tangi, hafifu, mkia umeelekea juu, na imependeza. Vilevile nilivyoiona mimi!

Dada akaomba na yeye aangalie. Akaangalia, akapapasa vioo kwa kidole. Akamtazama Mama, akanitazama mimi, machozi yakamlengalenga. Wivu. Mwisho akasema Mama abaki kwangu, ila Jumatatu atampeleka hospitali ya macho kisha amrudishe. Mama akataka kunishika mkono, akashika mkono wa kiti. Nikamsogezea wangu. Nilifurahi mno.

Jumapili, 9 Machi

Nilipokuwa naifunga darubini niirudishe, nikagundua vifuniko havikuvuliwa jana. Nikakaa chini. Mama kaona nyota kupitia bitana! Sijapata kuona macho kama hayo.

Nimempigia Dada kumuuliza hospitali ya nini sasa. Kakata simu. Mwalimu naye kaleta koti, anataka vifungo. Litachelewa. Jioni namketisha Mama palepale, na vifuniko naviacha, mwanga usije ukamuumiza macho.