Kromosomu ya Tisa na Andazi la Gunvor

Jumatatu, 5 Novemba 1973
Lund, Uswidi. Mvua. Nafasi ya uzamivu ni moja, na Profesa Gunvor ataitoa Ijumaa: ama kwangu mimi, Sixten Hallgren, niliyesoma Kilatini, Kigiriki na jenetikia, ama kwa Ragnhild, afumaye soksi mikutanoni. Na kazi yenyewe? Kukata picha za kromosomu kwa mkasi na kuzibandika kwa gundi, kuanzia ndefu hadi fupi. Kazi ya chekechea! Nilimwambia Ragnhild hivyo. Akajibu kwamba watoto wa chekechea hukata wakifuata mstari.

Jumatano, 7 Novemba
Ushindi! Kipande cha kati cha kromosomu ya tisa kimekaa kichwa chini, miguu juu. Mpinduko halisi! Ni kweli kwamba jana nilipiga chafya, mkasi ukateleza, vipande vikaruka, nami nikaviunga. Lakini mkono wa msomi hauungi ovyo. Ragnhild alinisihi nihakiki seli nyingine kwa darubini. Nilikataa. Ukweli wahitaji mashahidi wangapi?

Ijumaa, 9 Novemba
Niliwasilisha ugunduzi wakati wa kahawa, mbele ya idara nzima. Nilianza na "Mheshimiwa Profesa". Akanikatiza: mambo ya vyeo yalishapitwa na wakati, yeye ni Gunvor tu. Hapo Ragnhild akachokoa kromosomu yangu kwa ukucha.

"He! Mpinduko umebanduka!"

Kipande kikaangukia andazi la mdalasini la Gunvor, kikanasa kwenye sukari. Gunvor akalitazama andazi, akaitazama karatasi.

"Basi huku karatasini kipande kimepotea, pana upungufu, na huku andazini kimehamia, pana uhamisho. Wewe Sixten, umetumalizia somo zima la kasoro za kromosomu kwa kikombe kimoja!"

Wakacheka hadi kahawa ikawatoka puani. Nafasi kapewa Ragnhild.

Jumatatu, 12 Novemba
Sijutii neno. Aliyekosa ni gundi. Nimechapa picha mpya ya kromosomu ileile, nikaibandika mahali pake kwa gundi maradufu. Na tazama: mkia unaonekana mara mbili! Urudufu! Ragnhild anadai eti ni mabaki ya picha ya zamani yanayochungulia chini ya mpya. Wivu mtupu, hata baada ya kupewa nafasi.

Nimeitisha mkutano Ijumaa. Nimewaagiza wote waje bila maandazi.