Mashine ya Kusoma Hesabu

Daktari alimkuta tajiri wa magodoro akigomba na karani wa benki, na masikio yake yakasimama. Benki ilikuwa imezikataa hesabu za kiwanda zilizoletwa kwenye makaratasi. Ilizitaka kwenye majedwali ambayo kompyuta inaweza kuyasoma. Mhasibu wa kiwanda naye alikuwa ameomba malipo ya ziada kwa kazi hiyo, na tajiri huyo akisikia neno "ziada" hupandwa na homa.

"Mzee wangu," Daktari akasema, akinyoosha tai, "mhasibu wa nini, na mashine ipo?"

Udaktari wake, tuseme ukweli, hakuna chuo kilichowahi kuutambua. Mashine nayo ilikuwa na historia yake. Mtandaoni kulikuwa na maktaba ya programu, yaani vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa na watu wakarimu, vinavyogeuza taarifa za fedha kuwa majedwali safi. Bure kabisa. Daktari aliipakua, ikamwambia afanye hiki kisha kile, akafanya kile kisha hiki, ikamjibu kwa maandishi mekundu mpaka akaifunga kompyuta kwa kishindo. Kwa hiyo mashine ikawa dada yake, aliyekaa nyumbani kitandani, kompyuta mapajani, akipokea picha za kurasa kwa simu na kuchapa kwa vidole vyake mwenyewe.

"Hii ndiyo ya mwisho, kaka," dada alimwambia. "Ukilipwa, pesa inakwenda kwenye chumba cha saluni yangu. Mwenye nyumba ananisubiri mpaka Ijumaa, baada ya hapo anampa muuza simu."

"Naapa, dada."

"Usiape. Lete."

Siku ya majaribio, ofisini juu ya kiwanda, Daktari alipiga picha ukurasa mmoja, akabonyeza simu kwa madaha, akakunja mikono.

"Mbona inakawia?" tajiri akauliza.

"Mashine za haraka ni za watoto, mzee. Hii inasoma kwa adabu."

Jedwali likaingia. Tajiri akasogeza miwani. Kwenye mstari wa umeme, mahali pa namba, paliandikwa: "Hii ni nane au tatu? Piga tena, kivuli cha kichwa chako kimeziba."

Daktari hakupepesa hata jicho. "Umeona? Haina kiburi. Ikitilia shaka, inauliza. Mhasibu wako amewahi kukuuliza?"

"Hajawahi!" Tajiri akalipa pesa zote palepale, kabla bei haijapanda.

Alhamisi kazi ilikamilika. Dada hakusomea uhasibu. Mabano yaliyozunguka baadhi ya namba aliyaona urembo unaochafua ukurasa, akayafuta yote, na pale yalipozunguka neno akalifuta na neno lenyewe. Daktari alipousoma mstari wa mwisho akiwa kwenye ngazi za kiwanda, "Faida ya mwaka", na namba iliyonona mbele yake, alizipanda ngazi zilizobaki mbili mbili. Pesa ya saluni ilikuwa bado mfukoni.

Tajiri akausoma mstari huo, akaurudia. Kisha akamtazama Daktari, ambaye alikuwa akikiangalia kiwanda kupitia dirisha kama mtu anayemwangalia mchumba. Tajiri hakuwa mjinga. Alikuwa bahili tu, na hayo ni magonjwa mawili tofauti.

"Nimechoka, kijana," akahema. "Faida hizi zinataka damu changa. Laiti ningepata mbia..."

"Mbia wa kiasi gani, mzee?"

"Aa, wewe msomi. Magodoro yatakuchafua."

"Mzee, usinitenge!"

Tajiri akakataa, akabembelezwa, akakataa tena kwa sauti ya chini, kisha akazipokea pesa zote. Mhasibu aliitwa kuandika mkataba wa ubia, naye akauandika huku ameuma midomo.

"Sasa, mbia," Daktari akasema, wino haujakauka, "mgao wangu wa faida lini?"

Mhasibu akaufunua ukurasa wenyewe wa hesabu, akaweka kidole. "Namba ikifungwa kwenye mabano ni hasara, Daktari."

"Yote hii?"

"Na nusu yake ni yako," tajiri akamliwaza. "Lakini usijali. Hesabu za miaka ya nyuma ni rundo, na mashine tunayo. Mtu halipishi kiwanda chake mwenyewe, au siyo, mbia?"

Nyumbani, dada alikuwa ameshavaa viatu vya kutokea.

"Iko wapi?"

"Dada," akasema, rundo la makaratasi kwapani, "tuna kiwanda."

Akaeleza akiwa karibu na mlango. Dada akasikiliza mpaka mwisho bila kupaza sauti, jambo lililomtisha zaidi.

"Vua koti," akasema.

"Koti langu la kazi?"

"Na saa. Na viatu."

Mali ile ilikuwa na thamani kuliko elimu yake yote. Muuza nguo wa jirani aliilipia bila kubishana sana, na kabla jua halijazama mwenye nyumba alikuwa amekwisha kumkabidhi dada ufunguo wa chumba cha saluni.

Aliporudi kuchukua kioo chake, alimkuta kaka yake amekaa kitandani miguu mitupu, kompyuta mapajani, ameukodolea macho ukurasa wa kwanza.

"Dada, njoo kidogo. Hapa nianzie wapi?"

"Sijui, kaka," akasema, akijitwisha kioo. "Mashine ni wewe."